Kuchomelea fremu ya fifwili: fundi wa kuja au karakana?

Kwa trela ya fifwili, ile ya kulala ndani inayokaa mgongoni mwa pikapu kwa kingipini (pini nene ya chuma inayofungwa kwenye kiungo cha pikapu), huduma ya kutengeneza fremu inauzwa kwa namna mbili. Yuko fundi anayekuja na mashine yake hadi trela ilipoegeshwa, na iko karakana inayoivua trela ngozi ya mbele, yaani ganda la nje, na kuipima fremu upya. Hanga ya springi, kipande cha chuma kinachoshikilia springi chini ya fremu, ikipasuka, fundi wa kuja anatosha. Ufa ukiwa karibu na kingipini, lipa karakana.

Kingipini hubeba takriban asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela, na mzigo huo unashikwa na sehemu ya mbele iliyoinuka, mbali kabisa na ekseli. Kila bonde la barabara linaikunja fremu ya juu kidogo na kuirudisha, mpaka chuma kinachoka pale mishono ya sanduku la kingipini inapoishia. Dalili mara nyingi hutangulia kuonekana ukutani. Pandisha na ushushe miguu ya mbele, ile inayoishikilia trela isipokuwa kwenye pikapu, huku mtu akitazama kona ambapo chumba cha juu kinakutana na ukuta wa ubavuni. Silikoni iliyochanika, fibaglasi iliyovimba, au pengo linalofunguka na kufunga mzigo ukihama kati ya pikapu na miguu: fremu inacheza. Fundi wa kuja haoni ndani, kwa kuwa vyuma vimefunikwa. Atajaza ufa anaouona, mwingine ubaki gizani.

Kazi inayostahili kulipiwa inajulikana kabla mashine haijawashwa. Betri imekatwa na kebo ya pikapu imechomolewa. Nyaya, bomba la gesi na povu la kuzuia joto vilivyo nyuma ya boriti, chuma kirefu cha fremu, vimeondolewa, na kizima moto kiko karibu (asiyenacho mrudishe kwao). Klampu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine, inabana chuma safi jirani na mshono. Ikibanwa mahali ambapo umeme utapita kwenye beringi za magurudumu, zitaungua. Trela imekaa kwenye stendi na fremu imerudishwa kwenye mstari wake, kwani ukichomelea ikiwa imelegea unaufungia ule upinde humo humo.

Rangi inasagwa mpaka chuma king'ae, kisha chuma kinapuliziwa dawa nyekundu ya kupenya kwenye nyufa, inaachwa dakika 10 hadi 30, inafutwa, halafu inafuata ile nyeupe ya kuivuta nje. Mstari mwekundu unaojitokeza ndio urefu wa kweli wa ufa, na mara nyingi unapita pale jicho lilipoishia. Mwisho wake unatobolewa tundu la milimita 6 hivi ili usiendelee, ufa unachimbwa kwa grenda kuwa mfereji wa V, ndipo unajazwa. Elektrodi za 7018 (vijiti vya kuchomelea) zitoke kwenye oveni au pakiti iliyofungwa. Zilizolala wazi hunyonya unyevu, na mshono hupasuka baadaye ukiwa tayari umepakwa rangi.

Bamba la kuimarisha, linalochomelewa juu ya ufa uliojazwa, ndilo linalowashinda wengi. Wanaweka nene kuliko boriti yenyewe, kisha ufa mpya unatokea pale bamba linapoishia. Unene ukaribiane na wa boriti, ncha zikatwe mshazari, na mshono usikatishe flanji ya chini (ukingo bapa wa boriti) kutoka upande hadi upande, kwa kuwa flanji hiyo ndiyo inayovutwa zaidi kati ya ekseli na miguu.

Ubaya wa karakana ni muda, na tabia ya kufunika kazi haraka. Dai picha za mishono kabla ngozi haijarudi, pamoja na vipimo kutoka kingipini hadi kila ncha ya ekseli ya kwanza. Kulia na kushoto vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, trela itavuta upande na kula matairi.

Kwenye hanga, kona kali ndizo zinazoua: matairi yanaburuzwa kiubavu na kuipinda hanga kama mkono. Kurudishia mshono peke yake ni kupoteza hela. Fundi aongeze bomba la mraba linalounganisha hanga ya kulia na ya kushoto, na akague bushi na bolti za shakeli, vipande vinavyounganisha springi na hanga, akiwa bado yuko chini.