Uchaguzi wa mtaa: tathmini ya mtumiaji aliyepitia dirisha la mpiga kura na la mgombea

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa Tanzania Bara mara moja kila baada ya miaka mitano, bila malipo, na mtoaji wake ni mmoja tu: Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo wengi tunaiita TAMISEMI. Mara ya mwisho niliitumia tarehe 27 Novemba 2024, nikiwa mpiga kura katika mtaa mmoja wa manispaa mojawapo ya Dar es Salaam. Msimu huohuo nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo anayeuza mchele, aliyetaka kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, kwa hiyo niliyaona madirisha yote mawili, la mpiga kura na la mgombea. Hukumu yangu naitanguliza: la kwanza linahudumia vizuri lakini linaeleza vibaya, na la pili lina ugumu usiolingana kabisa na ukubwa wa kazi inayogombewa.

Kabla ya kulaumu au kusifu, inafaa mtumiaji ajue anachopewa, maana hapo ndipo malalamiko mengi ya foleni yanapoanzia. Siku hiyo ya Novemba mkazi wa mjini humchagua mwenyekiti wa mtaa pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa, wakiwa katika makundi mawili, la wanawake na la mchanganyiko. Mkazi wa kijijini humchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Diwani hayumo. Yeye huchaguliwa mwaka unaofuata, sanduku lake likiwa jirani na la mbunge na la Rais, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Meya, ambaye ndiye uso wa manispaa kwenye taarifa ya habari, hachaguliwi na mwananchi hata kidogo, bali na madiwani wenyewe katika kikao chao, na mkurugenzi wa manispaa anayeshika mafungu ya fedha huteuliwa na Rais. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alisema amekuja kumwondoa meya kwa sababu ya mitaro. Alipoelezwa kwamba karatasi aliyopewa haimfikii meya, aliipiga kura yake hivyohivyo, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeagiza pilau akaletewa wali mweupe. Na tusimsahau balozi wa nyumba kumi, ambaye watu bado wanamhesabu kuwa ni ngazi ya serikali, ilhali tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa chama tu.

Uandikishaji ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kituo chetu kikiwa mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani, na karani mwandikishaji aliniandika kwa kalamu katika daftari, akauliza jina, umri na mahali ninapoishi, nikatia saini, nikaondoka. Hakukuwa na mashine ya alama za vidole wala kamera, na sikupewa kadi yoyote. Kwa uchaguzi wa watu wanaofahamiana kwa sura, utaratibu huo unatosha na tena una staha, kwa kuwa bibi asiye na kitambulisho hawekwi pembeni kama mgeni. Udhaifu wake ni huohuo ulio nguvu yake: orodha inayotegemea kufahamiana huwa imara pale tu wakazi wanapojitokeza kuikagua ikibandikwa ubaoni. Siku nilipokwenda kuikagua tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa amekuja kuchaji simu.

Kosa kubwa la huduma hii liko katika maelezo. Orodha hii si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ni orodha nyingine, kwa ajili ya uchaguzi mwingine, inayoandikwa upya kila msimu, na mwenye kadi ya mpiga kura aliyoipata zamani asipojiandikisha tena jina lake halimo. Mwaka 2024 mkanganyiko ulizidi kwa sababu Tume nayo ilikuwa katikati ya kuboresha Daftari lake, kazi iliyoanzia Kigoma mwezi Julai, hivyo magari ya matangazo yalipopita yakisema “jiandikisheni”, mtu hakujua ni wapi, kwa nani na kwa lengo gani. Binamu yangu alikaa nyumbani siku zote kumi akiamini kadi yake ya mwaka 2015 inamtosha, na siku ya kura akarudishwa. Tangazo moja lenye sentensi mbili zilizonyooka, likibandikwa kwenye kila duka la Mangi, lingeokoa kura nyingi kuliko nyimbo zote zilizopigwa kwenye vipaza sauti.

Siku yenyewe ya kupiga kura sina mengi ya kusema, na kwa huduma ya namna hii hiyo ni sifa. Vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, ilikuwa siku ya mapumziko, na mimi nilitumia chini ya nusu saa. Jambo jipya lililonifurahisha lilikuwa kura ya NDIYO au HAPANA mahali palipobaki na mgombea mmoja. Mwaka 2019, baada ya vyama kadhaa vya upinzani kususia, wagombea wengi walipita bila kupingwa, na mimi binafsi sikupiga kura kwa kuwa mtaani kwetu hapakuwa na cha kupigia. Kumpa mwananchi nafasi ya kumkataa hata mgombea aliye peke yake ni marekebisho ya maana, ingawa bado si sawa na kuwa na wagombea wawili.

Sasa dirisha la pili. Sifa za kugombea zinasomeka kirahisi: uwe raia wa Tanzania mwenye umri usiopungua miaka 21, mkazi wa eneo husika, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na kipato halali, na uwe mwanachama wa chama cha siasa kilichokudhamini. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa jirani yangu kabla hata hajashika fomu. Yeye alijulikana kwa kusimamia usafi wa mfereji wetu na kikundi cha kusaidiana misibani, wala hakuwa na chama. Lakini mgombea binafsi haruhusiwi, hata kwa ujumbe wa kamati inayokaa chini ya mwembe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapohapo Arusha, iliamua Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba zuio hilo linakiuka haki za raia, lakini dirishani hakuna kilichobadilika. Akakata kadi ya chama, akashindana na wenzake katika kura za maoni, akadhaminiwa.

Kisha fomu. Nilikaa naye jioni mbili tukiijaza kwa uangalifu wa mtu anayejaza hati ya kiwanja, maana kila mtu alikuwa na hadithi ya aliyeenguliwa kwa jina lililokosa herufi au muhuri uliogongwa mahali pasipo pake. Alirudishiwa akiambiwa kazi yake haijaelezwa ipasavyo: tuliandika “mfanyabiashara”, na ofisa aliyepokea alitaka biashara itajwe. Ofisa huyo hakuwa na ubaya, alitaka fomu safi, ila hakuwa na mamlaka ya kuturuhusu turekebishe mbele yake, na hapo ndipo huduma inaposhindwa. Ilibidi kukata rufani kwa sababu ya neno moja, “mchele”. Alishinda rufani, lakini siku alizozitumia kwenye ngazi za ofisi hakuzipata tena, na kampeni zote ni siku saba tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba. Kwa mtaa siku saba zinatosha, nakubali, kama zote saba ni zako. Vyama vya upinzani, CHADEMA na ACT-Wazalendo wakiwemo, vililalamika hadharani msimu huo kwamba wagombea wao wengi walienguliwa, na baada ya kuiona njia hiyo kwa macho yangu sishangai kwamba malalamiko yalikuwepo. Mwisho wa hesabu CCM ilichukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa mitaa na vijiji. Mtoa huduma anaweza kusema hayo ni mapenzi ya wateja, lakini dirisha linalorudisha wagombea wengi kiasi hicho haliwezi kuthibitisha kauli hiyo wala kuikanusha.

Kwa mpiga kura natoa 70 kwa mia, na ningetoa 80 kama tofauti ya madaftari mawili ingeelezwa mapema. Kwa mgombea natoa 40, na 20 kati ya hizo ni za kamati ya rufani, iliyomsikiliza jirani yangu kwa adabu na kumjibu kwa maandishi. Mabadiliko ninayoyaomba ni madogo: makosa ya fomu yarekebishwe palepale dirishani mbele ya mashahidi, na usimamizi uhamie mikononi mwa Tume, ili anayepokea fomu asiwe mwajiriwa wa halmashauri ileile inayosubiri matokeo.

Jirani yangu alikosa ujumbe. Anaendelea kuuza mchele, na fomu yake yenye alama ya kalamu nyekundu ameihifadhi kwenye droo ya kaunta, chini ya daftari la wadaiwa.