Kipimo cha hewa cha mkononi: mwezi mmoja kati ya Tabata na Kariakoo

Kwa mwezi mzima nimebeba kipimo cha hewa kinachoenea kiganjani katika safari zangu za kwenda na kurudi kazini. Kinapima chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wake kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo, kwa hiyo kiwango cha dakika tano garini hakifai kulinganishwa nao moja kwa moja.

Sifa yake kubwa ni wepesi wa kuonyesha mabadiliko. Ndani ya daladala yenye madirisha wazi tarakimu hushuka gari likishika mwendo, lakini tukikwama Buguruni, ambako malori ya dizeli ya bandarini hupita kwa Barabara ya Mandela, hupanda mara moja na kubaki juu hata lori likishaondoka, kwa sababu moshi ulioingia hautoki mpaka daladala isogee. Kwenye bodaboda na bajaji hupanda na kushuka kwa kasi zaidi, maana abiria hukaa karibu na mabomba ya moshi bila kinga yoyote. Siku nilizozunguka kwa Ubungo nikapanda mwendokasi, basi likiwa kwenye njia yake, tarakimu zilikuwa za chini kuliko kwingine kote. Palipochafuka ni pale nilipotembea kando ya barabara kukifuata kituo.

Kasoro zake si ndogo. Asubuhi zenye unyevunyevu, ambazo hapa Dar es Salaam ni nyingi, chembechembe huvimba kwa maji na kutawanya zaidi mwanga wa leza ambao kipimo hutumia kuzitambua, hivyo kipimo kikadai hewa ni chafu hata sebuleni kwangu. Hakipimi gesi zilizomo kwenye moshi wa magari, wala hakijui kwamba mwendesha baiskeli huvuta hewa nyingi kuliko abiria aliyeketi.

Kwa kulinganisha njia na vyombo vya usafiri nakipendekeza kwa dhati. Kwa kupata kiwango halisi cha uchafuzi, hapana. Binafsi nimehamia njia ya Ubungo, ingawa nalipa nauli mara mbili, na mwanangu simpandishi tena bodaboda kwenye Barabara ya Mandela.