Picha ya nyonga Moshi: mashine safi, gololi hakuna

Nimekasirika, niseme tu. Kituo hiki cha eksirei hapa Moshi kina mashine nzuri na foleni fupi, na kwa kifua au mkono sina neno. Ila kama mnampeleka bibi aliyevunjika nyonga, someni kwanza.

Picha niliyoletewa majuzi ilikuwa ya mvunjiko wa chini ya shingo ya paja, kwenye trokanta, yaani vile vinundu viwili, kikubwa na kidogo, vya juu ya mfupa wa paja. Mguu umeachwa ulivyolala, unyayo umegeukia nje, shingo inaonekana fupi, trokanta ndogo imetokeza. Gololi ya chuma ya kupimia picha imekuza mfupa kiasi gani, hakuna. Nikapiga simu. Fundi akanijibu: "Daktari, ufa si unaonekana? Mengine ya nini?"

Ya nini! Ufa hata mjukuu wa mgonjwa anauona. Mimi natafuta unene wa ukuta wa nje wa mfupa wa paja: unashuka sentimita 3 kutoka kwenye kinundu cha trokanta kubwa, unapandisha mstari kwa nyuzi 135 hadi kwenye ufa, unapima. Ukizidi milimita 20.5, mara nyingi plati yenye skrubu inayoteleza inatosha. Usipofika hapo, ukuta unaweza kupasuka wakati wa kutoboa, mfupa ukatelezea ndani na mguu ukafupika. Huyo namtakia msumari wa ndani ya mfupa. Na ndugu walishachangishana hela ya plati!

Iliporudiwa, zamu ilikuwa ya dada mmoja anayeijua kazi yake. Dawa ya maumivu kwanza. Mguu ukavutwa taratibu, ukazungushwa ndani nyuzi kama 15 bila kulazimishwa. Gololi ya milimita 25 akaiweka pembeni ya paja, usawa wa mfupa. Ingelala mezani ingekuzwa kidogo kuliko mfupa, na hesabu ingedanganya. Gololi ikasoma 30, yaani picha imekuza mara 1.2. Ukuta ukasoma 24. Bila gololi ningesema salama. Gawanya kwa 1.2: ni 20 kamili. Plati ikaachwa.

Nilikuja hapa kuandika msiende. Kwa huyo dada, nendeni, ila ulizeni kwanza kama yuko zamu. Hapana, hata hilo nalisema kwa shingo upande: bibi mwenye nyonga iliyovunjika alipandishwa meza ile mara mbili, na picha ya pili wakailipisha bei ileile.