Beringi imegandia kwenye Beetle: ununue kifaa gani kwanza?

Ukivuta dramu ya mbele ya Volkswagen Beetle iliyokaa muda mrefu, usishangae ikitoka na nusu tu ya beringi. Kikombe, yaani pete ya nje, kinabaki ndani ya dramu, roli zinamwagika sakafuni, na pete ya ndani inabaki imeng'ang'ania spindo, ule mhimili ambao gurudumu huzungukia, kama pete ya ndoa kwenye kidole kilichovimba. Pete hiyo ndiyo itakayokula hela zako. Mimi imenifanya ninunue vifaa vinne kwa nyakati tofauti, na viwili kati ya hivyo vinatosha. Navipanga hapa jinsi ambavyo ningevinunua leo, nikiwa na gari moja la zamani uani na si gereji.

Kabla ya kwenda dukani, iangalie rangi ya ile pete. Ikiwa na unga mwekundu wa kahawia pembeni, umeshikwa na kutu: gari limelala chini ya mwembe, hewa ya chumvi ikaingia taratibu. Ikiwa na bluu au hudhurungi inayong'aa, beringi ilikosa grisi barabarani, ikapata moto, na pete ikaanza kuzunguka juu ya spindo mpaka chuma kikashikana na chuma. Kutu husikia oili na joto. Chuma kilichoshikana hakisikii oili hata ukikilaza ndani ya ndoo, kwa hiyo hapo usipoteze wiki nzima ukipulizia kopo baada ya kopo.

Jambo lingine la Beetle ni upande wa kushoto mbele. Kebo ya spidi inapita katikati ya spindo na kutokea kwenye kifuniko cha grisi, ikiwa imezuiwa na pini ndogo. Itoe pini kwanza. Nati ya upande huo nayo ina nyuzi za kinyume. Nimeona watu wazima, mafundi wa miaka mingi, wakiikaza kwa nguvu zao zote huku wakidhani wanaifungua.

Nafasi ya kwanza: pula ya sahani mbili

Pula ni kifaa cha kuvutia kitu kilichoganda. Hii ni vipande viwili vya chuma vyenye makali kama kabari, vinavyobanwa kwa boliti mbili hadi makali yaingie nyuma ya pete. Juu yake kuna daraja lenye boliti mbili ndefu na skrubu ya katikati inayosukuma ncha ya spindo. Naiweka ya kwanza kwa sababu inakamata kile hasa kilichoganda, yaani pete ya ndani. Ukivuta kwa kushika pete ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi au roli, beringi inapasuka katikati, na unarudi ulikoanzia.

Dukani, fanya hivi. Kutanisha zile sahani mbili na uzinyanyue kwenye mwanga: makali yawe membamba na yanayokutana sawasawa. Angalia vichwa vya boliti, utafute alama ya uimara ya 8.8 au zaidi; boliti isiyo na alama yoyote irudishe kwenye boksi. Skrubu ya katikati iwe na nyuzi za karibukaribu, na ncha yake iwe na kichwa kinachozunguka chenyewe, la sivyo itachimba ncha ya spindo. Kwa Beetle, seti inayobana kuanzia milimita 30 hadi 75 inatosha. Ile kubwa ya lori itakuvutia kwa uzito wake, lakini haitapita penye nafasi ndogo ya nyuma ya beringi ya mbele. Hata hiyo ndogo, mara nyingi utalazimika kufungua bati la breki kwanza.

Ukishaifunga, paka grisi kwenye skrubu, kaza mpaka ikatae, kisha gonga kichwa cha skrubu mara moja kwa nyundo. Subiri. Kaza robo nyingine. Pete ikiachia inatoa mlio mkali, "paa!", na mara ya kwanza utadhani umevunja kitu.

Ya pili: grenda ndogo na tindo

Huenda tayari unayo nyumbani, au jirani anayo, na kwa pete iliyoungua bluu mimi ningeanza nayo kabla hata ya pula. Chukua grenda ya diski ya milimita 115 na diski nyembamba ya kukatia ya milimita moja. Chora mfereji mmoja kwenye pete, kwa mshazari, na usiumalize: acha unene wa ukucha hivi. Weka tindo ndani ya mfereji, piga pigo moja zito. Chuma cha beringi ni kigumu lakini si chepesi kukunjika, kwa hiyo kinapasuka, na pete inatoka kwa mkono.

Ubaya wake ni mmoja: mkono ukiteleza, umekata spindo, na spindo ya Beetle haiuzwi kila duka. Vaa miwani ya kazi, usitoe kinga ya diski, na usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya breki vya magari ya zamani vilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lowanisha vumbi, lifute kwa kitambaa, kitupe.

Ya tatu: pula ya miguu mitatu

Hii ndiyo kila duka la vifaa litakayokuuzia ukitaja neno beringi. Nilinunua ya bei ya chini kabisa. Nilipokaza mara ya tatu, miguu ilifunguka kama mwavuli uliopigwa na upepo, na mmoja ukaruka hadi ukutani. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la pula: kucha zake ni nene na haziwezi kuingia nyuma ya pete iliyokaa karibu na bega la spindo. Inafaa kuvutia puli na gia, na dramu iliyokataa kutoka. Kama dramu yako inatoka vizuri, usiinunue.

Ya nne: nyundo ya kuteleza

Ni fimbo yenye uzito unaoutupa kurudi nyuma. Ni nzuri kwa beringi iliyozama ndani ya shimo na kwa sili ngumu. Kwenye Beetle yangu nimeitumia mara mbili tu.

Ya mwisho: presi ya haidroliki

Presi ya tani 12 au 20 ni kifaa kizuri kuliko vyote nilivyotaja, na bado naiweka mwisho, kwa sababu huna haja ya kuimiliki. Inakula nafasi, ni nzito, na bei yake inanunua pula ya sahani kadhaa. Spindo ya Beetle inafunguka ikatoka kwenye gari. Iweke kwenye mfuko, uipeleke Gerezani ukiwa Dar, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, ulipie kazi ya dakika kumi na urudi nyumbani. Ila simama pale pale uangalie. Fundi mwenye haraka ataegemeza spindo kwenye sehemu isiyofaa na kukurudishia iliyopinda.

Oili na joto sivipi nafasi, lakini utavinunua tu. WD-40 ya kawaida ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, kwa hiyo usiitarajie ifanye miujiza. Tafuta oili iliyoandikwa kwamba ni ya kupenya kwenye kutu, ipake jioni, rudi asubuhi. Moto uelekeze kwenye pete, si kwenye spindo, na usiifikishe spindo kwenye wekundu. Na kama umepulizia dawa ya kusafishia breki, usiwashe moto karibu: zile zenye klorini zikiungua hutoa fosijeni, gesi ya sumu iliyoua watu katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Ukinunua beringi mpya, nenda na ya zamani mfukoni usome namba yake kwenye chuma, usitegemee maneno ya muuzaji. Beetle za hadi 1965 zilikuwa na gololi mbele; baada ya hapo ni roli za kuchongoka, na hazibadilishani. Nyuma, kwenye ekseli za zamani za kubembea, namba ni 6306: tundu milimita 30, kipenyo cha nje 72, unene 19. SKF, FAG na Timken zinaigwa sana, na SKF ina programu ya simu ya kukagua kama boksi ni la kweli. Beringi ikiwa ngumu kuingia, ipashe joto hadi nyuzijoto 110 za Selsiasi hivi, usizidishe 120. Tundu la milimita 30 litatanuka kama sehemu tatu za mia za milimita, na hiyo inatosha kuifanya iteleze mahali pake bila nyundo.

Kwa gurudumu la nyuma ongeza soketi ya milimita 36 na bomba la chuma la mita moja na nusu. Nati kubwa ya ekseli ya nyuma hukazwa kwa nyutoni-mita 294 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Kwa spana ya sentimita 30 utahitaji kuegemeza uzito wa kilo mia. Kwa bomba refu ni kama kilo ishirini, na kutu ikiongezeka itataka zaidi. Toa pini yake, kisha uilegeze gari likiwa bado limesimama kwa matairi yake, breki ya mkono imevutwa na jiwe limewekwa mbele ya gurudumu, kabla hujaigusa jeki.