Pasheni za Kubebesha Barazani Kwangu: Uzoefu wa Miaka Mitatu

Mwezi Machi 2022, masika yalipokuwa yanaanza, nilinunua miche mitatu ya pasheni ya zambarau katika kitalu kimoja hapa Arusha, kwa shilingi 3,000 kila mmoja. Sikuwa na nia ya kilimo cha biashara. Nilitaka mmea wa kufunika kichanja cha mabomba na waya mbele ya baraza, usiopukutisha majani yote wakati wa kiangazi, na ambao ukizaa watoto watapata juisi. Muuzaji alisisitiza kwamba miche hiyo ni ya kubebesha, yaani kikonyo cha pasheni ya zambarau kimeunganishwa juu ya shina la pasheni ya manjano, kwa sababu ya zambarau hupenda ubaridi wa nyanda za juu lakini huuawa kwa urahisi na ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini, ilhali ya manjano, inayostawi zaidi pwani na kwenye joto, huustahimili.

Kwa upande wa urembo sina lalamiko. Kabla ya mwaka kwisha kichanja kilikuwa kimefunikwa na majani mazito yenye kung'aa, na maua yakaanza: meupe, yenye duara la nyuzi zilizojikunja, zambarau karibu na kitovu na nyeupe kwenye ncha. Wageni wengi waliokuwa wakila tunda hili tangu utoto hawakuwahi kuliona ua lake. Matunda ya kwanza yalifuata baada ya miezi miwili na zaidi tangu ua kufungwa. Hatuyachumi, tunayaacha yadondoke yenyewe, tunayaokota asubuhi na kuyaweka siku mbili tatu hadi ganda lianze kukunjamana, maana hapo ndipo ukali unapopungua. Anayetaka kupanda juu ya sakafu ya saruji ajue kwamba matunda yatapasuka na sisimizi watakuja.

Kasoro ilikuwa kwenye mche wa tatu. Huo ndio uliokua kwa kasi kuliko yote, nami nikawa nausifu, lakini ulichanua kwa wingi bila kushika tunda hata moja. Nilidhani umekosa samadi, nikauongezea, ukazidisha majani tu. Siku moja ya Jumamosi nikiwa nimekaa barazani niligundua kwamba maua ya miche miwili ya kwanza, yaliyofunguka tangu alfajiri, yalikuwa yanajifunga kuelekea saa sita mchana, wakati ambapo yale ya mche wa tatu ndiyo kwanza yanafunguka. Hiyo ni tabia ya pasheni ya manjano. Niliinama kutazama shina na kukuta kikonyo kilichobebeshwa kimekauka siku nyingi, na kilichopanda juu ya kichanja kilikuwa chipukizi la shina la manjano, lililotoka chini ya kiungo, yaani pale aina mbili zilipounganishwa.

Muuzaji alinijibu kwamba nilipaswa kuondoa kila chipukizi la chini ya kiungo. Ni kweli, lakini neno hilo angenieleza siku ya kununua, kwa kuwa aliyeuza mche wa kubebesha ndiye anayejua unavyotunzwa.

Sikuukata. Pasheni ya manjano haijirutubishi kwa chavua yake yenyewe, inahitaji chavua ya mche mwingine wa aina yake usiofanana nayo kinasaba, na kwa kuwa maua ya zambarau hujifunga wakati yale ya manjano yanapofunguka, majirani zake wawili hawakuwa na msaada mkubwa. Dada yangu wa Tanga alinitumia matunda yake ya manjano, nikaotesha mbegu, na mche mmoja ulipochanua, ule wa tatu ukazaa. Kazi yote ya kuchavusha wanaifanya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa langu, ambao awali nilikuwa nimekwisha kuwanunulia dawa. Sasa ninawavumilia, ingawa fundi ananicheka.

Mwaka huu mmoja wa miche ya mwanzo umepunguza matunda, jambo la kawaida kwa pasheni ya umri huo. Nitanunua mwingine masika yajayo, tena wa kubebesha, ila nitakagua kiungo kwa vidole kabla sijatoa pesa.