Presi ya hatua moja au progresivu? Nimetumia zote mbili, maoni yangu haya hapa

Kila mtu anayetaka kuanza kujaza risasi mwenyewe, yaani kuchukua maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyatengeneza risasi upya, ananiuliza swali lile lile, ninunue presi (mashine ya kazi hiyo) ya hatua moja au progresivu, na mara nyingi jibu ameshakuja nalo, ameona video mahali jamaa anashusha mkono wa mashine risasi inadondoka kwenye bakuli, anashusha tena nyingine hiyo, na roho yake imeshahamia huko. Mi zote ziko mezani kwangu mpaka leo, na hii naandika kwa ajili ya mtu ambaye bado hajatoa hela yake. Kama hujawahi kujaza hata risasi moja anza na ya hatua moja. Ntaeleza kwanini, na ntaeleza pia nani anaruhusiwa kutonisikiliza. Ila kabla ya yote angalia sheria za hapo ulipo, kuna sehemu mwenye leseni ya bunduki anajaza risasi nyumbani bila shida na kuna sehemu ni kosa la jinai.

Kazi yenyewe kwa ufupi: unatoa fataki iliyokwisha (kile kikombe kidogo chini ya ganda kinachowasha baruti) na kulibana ganda lirudi saizi yake, unaweka fataki mpya, unapanua mdomo kidogo, unamimina baruti, unakalisha kichwa (kile kipande kinachoruka kutoka kwenye mtutu), unabana mdomo. Basi. Presi zote zinafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ya hatua moja inabeba kalibu (kile chombo cha chuma kinacholifanyia ganda kazi moja) moja tu kwa wakati mmoja, kwahiyo unayapitisha maganda yote kwenye kazi ya kwanza, unabadilisha kalibu, unayapitisha yote tena kwenye ya pili, mpaka mwisho. Risasi 100 za 9mm kwa seti ya kalibu tatu ni kuvuta mkono mara 300 na hapo fataki na baruti bado. Ukienda kwa utulivu unapata kama risasi 50 mpaka 100 kwa saa. Ndio, ni polepole, na mtu asikudanganye kwamba utazoea, mkono unachoka.

Lakini faida iko hapo hapo kwenye upolepole. Kila ganda linapita mkononi mwako mara nne tano, unalishika, unaliona. Ganda lenye ufa mdomoni unalijua mapema. Fataki ikikaa vibaya kidole kinakwambia, ukipitisha kidole chini ya ganda inatakiwa uisikie imezama kidogo, ikiwa imejitokeza nje hata kidogo utaihisi. Alafu kuna ile trei ya matundu 50, mi hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote. Nikimaliza kumimina baruti nachukua tochi nainama juu ya trei naangalia mstari kwa mstari, na baruti inatakiwa ikae usawa mmoja kwenye kila ganda kama chai iliyomiminwa na mtu mmoja kwenye vikombe vya wageni. Likiwepo ganda limejaa kupita wenzake au liko tupu jicho linalikamata palepale. Nikiridhika ndo naanza kukalisha vichwa.

Kwanini nasisitiza hilo, sikiliza. Kwenye 9mm baruti nyingi za bastola zinachukua nafasi ndogo sana ndani ya ganda, kiasi kwamba unaweza kumimina mara mbili na isimwagike, na ukikalisha kichwa juu yake kwa nje hakuna cha kukuonyesha. Hiyo risasi inaweza kupasua bastola mkononi mwako. Na kinyume chake ni kibaya hivyo hivyo, ganda lisilo na baruti kabisa, fataki peke yake inasukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kinakwama, mpigaji anasikia mlio mdogo anadhani bunduki imegoma tu, anapiga inayofuata na mtutu unapasuka. Ukisikia mlio wa ajabu acha kupiga, fungua, angalia mtutu.

Sasa progresivu. Hapa kuna sahani ya duara inayobeba maganda manne mpaka matano au zaidi kutegemea mashine, kila moja liko chini ya kalibu yake, mahali hapo panaitwa kituo, ukishusha mkono mara moja kazi zote zinafanyika kwa pamoja, kwahiyo sahani ikishajaa kila ukivuta unapata risasi moja kamili. Dillon RL 550 ina vituo vinne na sahani unaizungusha mwenyewe kwa kidole, XL 750 ya Dillon hao hao na Lock-N-Load AP ya Hornady zina vituo vitano na zinajizungusha zenyewe. Mtu aliyezoea anatoa mia kadhaa kwa saa bila kukimbizana. Ikishakaa sawa ni raha kwelikweli, inakuwa na mdundo wake, mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unaweka ganda na kichwa, dakika kumi bakuli linaanza kuwa zito.

Tatizo linakuja ikisimama. Na itasimama. Fataki itakwama, ganda litaingia limepinda, baruti itaisha kwenye chupa hujaona. Kwenye presi ya hatua moja ukisimama umesimama na ganda moja, huku umesimama na maganda matano na kila moja liko hatua yake, moja lina fataki halina baruti, lingine lina baruti halina kichwa, na akili yako yote iko kwenye ile fataki iliyokwama. Mi yalinikuta kwenye progresivu yangu ya kwanza, kampuni siitaji. Mfumo wa fataki uligoma, nikachomoa maganda mawili nikanyoosha kilichokuwa kimepinda, nikayarudisha nikaendelea kama kawaida. Nilipofika risasi kama 40 mbele nikajiuliza lile ganda la kituo cha baruti nililirudisha pale pale au nilisogeza mbele? Sikuwa na jibu. Kuzipima kwenye mizani zikiwa zimeshakamilika hakusaidii, maana maganda na vichwa vyenyewe vinapishana uzito kiasi cha kuficha kosa la baruti. Nikachukua ile nyundo ya kung'olea vichwa nikazivunja zote moja moja, jioni nzima, na moja ilikuwa na baruti mara mbili. Niliiweka kwenye kisahani nikaitazama muda mrefu sana.

Toka siku ile mashine ikisimama naondoa kila ganda lililoko kwenye sahani, baruti yote narudisha kwenye kopo, naanza upya sahani ikiwa tupu. Na kwenye kituo kinachofuata baada ya cha baruti, kabla ya kukalisha kichwa, nimeweka kile kifaa cha kukagua kina cha baruti, kikiona imezidi au haipo kinapiga kelele au kinafunga mkono usishuke, inategemea umenunua aina gani. Kwa mashine yenye vituo vinne ukitaka kukiweka inabidi kukalisha kichwa na kubana mdomo vifanywe na kalibu moja, inawezekana, ila mi napenda zitengane. Taa ndogo juu ya kituo cha baruti pia usiikose, na kila ganda liangalie ndani kabla hujaweka kichwa.

Kwa risasi za raifo naona mjadala ni mfupi. Maganda yake yanataka kupakwa mafuta kabla ya kubanwa, yanarefuka ukishayabana, inabidi uyapime urefu kwa kalipa (kile kipimo cha kubana) na kuyakata, kwahiyo ule mfululizo wa progresivu unakatika tu katikati. Alafu baruti za vijiti virefu hazipimiki vizuri kwenye kile kimiminio, zinakwama na kukatika, unamimina hii pungufu ile imezidi. Kama unatafuta usahihi wa mbali na unapima kila ganda kwenye mizani, presi ya hatua moja inakutosha maisha yako yote. Rock Chucker ya RCBS ni chuma cha kurithisha watoto. Classic Cast ya Lee nayo naipenda kwa kitu kimoja, fataki zilizotumika zinashuka kwenye tundu la ndani mpaka kwenye bomba, haziruki mezani, na lile vumbi lake lina risasi ile ya madini, hutaki livutwe puani (nawa mikono ukimaliza, kabla hujagusa chakula).

Wa kutonisikiliza ni nani? Mtu wa mashindano ya bastola, anapiga mia tatu mia nne kila wiki. Huyo akinunua ya hatua moja peke yake atachukia kazi ndani ya mwezi. Ila hata yeye aanze kwa kuijaza progresivu ganda moja moja, ganda moja lizunguke mpaka litoke ndo aweke lingine, afanye hivyo risasi mia za mwanzo. Mashine zenyewe zinakubali.

Na kuna ya katikati watu wanaisahau, tareti. Classic Turret ya Lee ina kichwa chenye kalibu nne kinachozunguka chenyewe, ganda limekaa pale pale, ukivuta mara nne risasi imekamilika. Ganda moja tu liko kazini, kwahiyo ikisimama unajua uko wapi, na kasi inaipita ya hatua moja mbali tu. Anayejaza bastola mia mia kwa wiki ndo ya kwake hiyo.

Kuhusu kupoteza hela ukibadilisha baadaye usiogope sana, kalibu nyingi zina uzi mmoja (meno ya kuskrubia) wa 7/8-14, zinahama kutoka presi moja kwenda nyingine, na mizani, kalipa na trei ni vile vile. Ya hatua moja nayo haiuzwi, inabaki pembeni kwa ajili ya raifo na kwa kujaribu kipimo kipya risasi kumi kumi kutoka kwenye kitabu cha vipimo, kuanzia cha chini. Yangu iko kushoto, progresivu iko kulia, na kopo la baruti mezani linakuwa moja tu, mengine yote kabatini.