Kabati la mbao la kupaka rangi: chagua ubao kwa ukingo wake

Mlango wa kabati unang'aa uso mzima, lakini pitisha kidole ukingoni: unakwaruza kama ulimi wa paka. Baadaye ukingo huohuo, hasa karibu na sinki, unavimba na rangi inapasuka. Lawama huangukia rangi, ilhali ubao ulinunuliwa kwa kutazamwa uso tu.

Kwa milango, naweka kwanza MDF (ubao wa vinyuzi vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi) ya kustahimili unyevu, milimita 18. Haina mafundo wala nyuzi za kujitokeza chini ya rangi. Shida yake ni pale msumeno ulipopita: sehemu hiyo hufyonza rangi kama sponji, na praima (koti la kwanza chini ya rangi) ya maji huisimamisha vinyuzi. Piga ukingo msasa namba 180, ukivunja makali ya pembe kwa sababu rangi hukonda juu ya pembe kali. Paka praima ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti), piga msasa namba 240, kisha paka tena. Hapa sihami kwa Zinsser B-I-N, praima ya aina hiyo: haina maji, unarudia koti baada ya dakika 45 hivi, na huziba kwelikweli. Brashi osha kwa spiriti. Ukikata ubao, vaa barakoa. Vumbi lake ni jembamba mno.

Rangi ya kijani ndani ya MDF hiyo ya unyevu ni alama ya kiwandani tu. Muuzaji anayekuambia "hii haiingii maji" anakupotosha, maana maji yakituama itavimba. Wapo pia wanaouza ubao wa milimita 15 kwa bei ya 18. Nenda na kipimo: tundu la bawaba ya kikombe (ile inayozama nyuma ya mlango) lina upana wa milimita 35 na kina cha 12 hivi, kwa hiyo kwenye ubao wa 15 unabakiwa na milimita 3 tu nyuma yake.

Plaiwudi ni ya pili, na kwa mwili wa kabati ndiyo bora, kwani hushika skrubu vizuri kuliko MDF. Kagua kingo zake. Mapengo kati ya tabaka yazibwe kwa puti, au gundisha ukanda mwembamba wa mbao.

Mbao halisi nazipa fremu peke yake. Hutanuka na kunywea kwa upana, ndiyo maana ufa mwembamba hutokea kwenye maungio ya mlango hata rangi iwe nzuri vipi. Msonobari una utomvu unaotoboa rangi kwa madoa ya njano juu ya mafundo; shelaki tena.

Chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandamizwa) isiyofunikwa usiipake rangi.